Vidole vya Emerance

Jino la kwanza ambalo Emerance aling'oa hapa Kamembe, ngumi ilikuwa imeshaianza kazi hiyo. Mwenye jino aliitwa Gasaro, mwanamke mdogo wa Nkanka aliyeolewa na Kamali, mpakiaji wa saruji kwenye maghala ya barabara ya mpakani. Lilikuwa jino la mbele, limelala kuelekea ulimini, linashikiliwa na nyama tu. Emerance alimuuliza imekuwaje. Gasaro akasema ameanguka.

“Maman, mi natoka Bukavu,” Emerance akamwambia. “Najua vile muntu anaanguka, na najua vile muntu anaangushwa.”

Gasaro akafumba macho, akafungua kinywa, na jino likatoka.

Emerance ni mpangaji wangu, na jioni hula kwangu. Habari ya jino alinieleza bila kutaja jina, maana siri za vinywa vya watu huzifungia. Jina nililijua mwenyewe. Gasaro alikuwa akinunua vitenge kwangu sokoni, na pengo la mbele huwezi kulifunika kwa mtandio kila siku. Mimi ni Zulaikha, na hasira zangu zinajulikana kuanzia msikitini mpaka stendi. Nilimwambia Gasaro siku hiyo hiyo aniletee huyo Kamali nimpime urefu kwa mita yangu ya chuma. Akacheka kidogo, mkono mdomoni, akalipa kitenge chake akaenda zake.

Sasa niwaeleze huyu Emerance Buhendwa ni nani, msije mkadhani ni mwanafunzi. Huko Bukavu alikuwa daktari wa meno kamili, mwenye kabine yake, yaani chumba chake cha kutibia, na jina lake mlangoni. Siku moja, mchana kweupe, watu wenye bunduki waliingia mgonjwa akiwa kitini, kinywa wazi. Walitaka dola. Mume wake, aliyekuwa akikaa mapokezi, aliwaambia wamwache kwanza mgonjwa atoke. Kwa neno hilo moja walimpiga risasi ya kifua. Mgonjwa wakamponda uso kwa kitako cha bunduki, wakachukua walichokitaka, wakaondoka bila hata kukimbia. Emerance alimziba mgonjwa damu mpaka ikakauka, ndipo akaenda kupiga magoti kwa mumewe. Mumewe alikuwa ameshakufa, yule mwingine bado. Aliponieleza hivyo mara ya kwanza nilimchukia, sitaficha. Nilijiuliza ni mke wa namna gani huyu. Baadaye nilielewa.

Alivuka daraja la Rusizi na begi moja, diploma zake kazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Lakini hapa Rwanda huwezi kushika koleo la meno kwa sababu tu ulilishika kwingine. Ilibidi afanye mtihani wa baraza la madaktari kule Kigali. Mara ya kwanza Kiingereza kilimwangusha, mara ya pili akapita. Wakaliandika jina lake, ila kwa sharti: mwaka mzima afanye kazi chini ya jicho la daktari mwenyeji, ndani ya kabine ya huyo daktari na si penginepo. Akimtibu mtu nje ya pale, jina linafutwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Aliyeishika hiyo kamba aliitwa Muhigirwa, kijana wa viatu vinavyong'aa. Emerance alikuwa ameshaanza kung'oa magego ya watu wakati Muhigirwa angali akijifunza kusoma. Miezi ya mwanzo alimpa kazi ya kushika mrija wa kunyonya mate. Mama mzima, mjane, anashika mrija! Mimi ningemchomeka nao puani. Emerance aliushika, na jioni alikula ugali wake.

Wenzake waliopita naye mtihani walitawanyika. Mmoja yuko Kigali, ananyoosha meno ya watoto wa matajiri kwa nyaya. Mwingine alichoka kungoja, sasa anazunguka na gari la kampuni akiuza dawa ya meno. Kaka yake wa Ubelgiji alimpigia simu kila Jumapili kumwambia aje, ataosha wazee kwanza, halafu mambo yatajipa. Emerance alikuwa na jibu moja, na alilisema mezani pangu huku akigonga kidole:

“Nataka huu mwaka iishe, banipe jina yangu kamili. Ile ya Bukavu bantu ya bunduki baliikamata. Hii ya hapa, hakuna muntu ataninyang'anya.”

Basi mkae mkijua hivyo. Mwanamke huyu hakuwa na mtoto wala mume, hakuwa na nyumba. Alikuwa na huo mwaka tu, na ulikuwa umebaki mkia.

Siku moja, na hili nililisikia kwa waliokuwa kwenye foleni, Kamali mwenyewe aliingia kabineni, kambeba mwanawe mchanga, Gasaro nyuma yake. Mtoto alikuwa na homa na alikuwa anahara. Huku kwetu, mtoto wa umri huo akihara na ufizi ukimvimba, watu husema ana ibyinyo, yaani meno mabaya yaliyojificha ndani ya nyama yanayomla mtoto kwa ndani. Dawa yake ni kuyachimba. Kuna wazee wanaofanya hivyo kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Wanapasua ufizi, wanatoa kitu cheupe na laini, wanakuonyesha kiganjani: tazama, funza huyu hapa. Kumbe ni jino la mtoto lenyewe, halijakomaa. Kamali akafikiri kwa akili yake: kama ni kazi ya meno, kwa nini ampeleke mwanawe kwa mzee wa spoki, na kuna daktari wa meno mwenye koleo safi?

“Wewe si dokta ya meno?” akasema. “Basi, toa hii meno mubaya. Mutoto iko nakufa, unamuangalia tu.”

“Papa, hii si meno mubaya,” Emerance akamjibu. “Ni meno yake, ingali inakuya. Mutoto iko na homa ya kitu ingine. Umupeleke ku hospitali, bamupime damu. Nakuomba.”

“Mama yangu hakusoma na anajua ibyinyo. Wewe ulisoma nini?”

“Sitamuchimba, Papa. Hata ukinichinja.”

Muhigirwa akajaribu kuingia kati kwa sauti yake ya upole. Kamali akamsukuma kwa bega lile la kubebea saruji, hata Muhigirwa akaangukia kabati la vioo. Kisha Kamali akaupiga mlango teke ukakatika bawaba, akamgeukia mkewe, akamzaba kofi mbele za watu. Kisa? Gasaro alikuwa amesema polepole, “Twende hospitali.” Wakaondoka. Muhigirwa akatoa vipande vya kioo mkononi kwa kibanio, akamwambia Emerance asiwajibu tena watu wa namna hiyo.

Jumapili iliyofuata kabine ilikuwa imefungwa, Muhigirwa kaenda Kigali harusini. Mimi na Emerance tulikuwa kibarazani tunachambua maharage. Gasaro akaja mbio, hana viatu, kitenge chake kimelowa damu kuanzia kifuani mpaka magotini. Nikadhani Kamali amemchoma kisu hatimaye. Akafungua kitenge. Damu ilikuwa ya mtoto.

Walikuwa wametoka Nyakarenzo kwa mzee wa spoki. Ufizi wa chini ulikuwa umechimbwa pande zote mbili, mashimo mawili meusi, na damu inatoka humo kwa mapigo. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa anakoroma, anameza damu, anaitapika, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Emerance alisimama, bakuli la maharage likamwagika. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea, “Siruhusiwe. Hapa siruhusiwe.” Alinitazama. Najua alikuwa anauona mwaka wake pale, umelala juu ya maharage. Mimi nilikuwa tayari kumwambia aache, tuite pikipiki, huyu si mtoto wake. Neno lilikuwa ulimini. Kabla sijalitoa alikuwa ameshauchana mtandio wangu mweupe, amezungushia vipande kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, na ameviingiza kinywani mwa mtoto, kimoja kila shimo, akabana.

“Ita moto,” akaniambia, maana kwao pikipiki ndiyo moto. “Nikitosha vidole humu ndani, anakufa.”

Mpaka hospitali si mbali, lakini pikipiki haikufika. Aliyefika ni Kamali. Alikuwa amemfuata mkewe, na alipoona damu nafsi ikamruka. Ninavyomjua, aliona mambo mawili kwa pamoja: mwanawe anakufa, na kuchimba watoto ni kosa, watu hufungwa kwa hilo. Akachagua. Akapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba Mkongomani amemtoboa mwanawe, dokta wa uongo, tazameni vidole vyake.

Jamani, watu wana macho. Waliona mwanamke mgeni, mikono yenye damu mpaka kwenye viwiko, vidole ndani ya kinywa cha mtoto. Nani angeuliza mara mbili? Fundi baiskeli wa jirani alikuja na mnyororo. Vijana wa pikipiki waliacha pikipiki zao. Teke la kwanza lilimpata Emerance ubavuni, akaenda chini, lakini alianguka kwa magoti, mtoto kambana katikati ya mapaja na kifua, mgongo wake juu kama paa. Nikamwona akigeuza kichwa ili mkono wa kulia usitikisike.

Walimpiga. Siwezi kulisema kwa upole, na sioni kwa nini nilipambe. Walimpiga kwa mnyororo mpaka blauzi ikachanika na ngozi ikafuata. Mtu mmoja alimkanyaga bega, nikasikia mfupa ukilia. Jiwe lilimpata mdomoni, akatema meno mawili, meno ya daktari wa meno, yakaangukia kwenye maharage yangu. Alikuwa na mkono mzima wa kushoto. Angeweza kuuinua ajikinge uso. Lakini mkono huo ndio uliokuwa umeshika kichwa cha mtoto. Akawa anasema neno lile lile, mdomo umejaa damu:

“Munipige, lakini musimutikise. Musimutikise mutoto.”

Mimi niliingia na mita ya chuma. Nilimpasua fundi baiskeli sikio, nikamvunja kijana mmoja kidole, wa tatu sijui nilimpiga wapi lakini alikaa chini. Nikamfokea Gasaro: “Sema! Sema we mwanamke!” Gasaro alikuwa amesimama ukutani. Kamali alikuwa amemshika nyuma ya shingo. Hakusema neno. Wallahi, kama ningekuwa na mkono wa tatu ningempiga na yeye.

Polisi wa doria walifika, wakawatawanya watu kwa fimbo, wakatubeba sote kwenye gari lao. Ndani ya gari askari alimwamuru Emerance aondoe mkono kwa mtoto. Akatikisa kichwa. Askari akaushika mkono wake autoe, mimi nikamng'ata huyo askari. Ndivyo tulivyofika hospitali. Daktari wa zamu alipovitoa vidole vya Emerance kimoja kimoja na kuweka pamba mahali pake, vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki. Mtoto aliongezewa damu. Alipona.

Mngedhani hapo mambo yakaisha. Kamali alikwenda polisi akaandikisha kwamba Emerance ndiye aliyemchimba mwanawe, nyumbani, kwa siri, na kwamba tangu kabineni alikuwa akimwomba kazi hiyo. Mzee wa spoki alikuwa ameshatoroka Nyakarenzo. Mimi nilitoa ushahidi, lakini nani anamsikiliza mwenye nyumba anayemtetea mpangaji wake, tena aliyemng'ata askari? Baraza la Kigali likalisimamisha jina la Emerance mpaka kesi iishe. Muhigirwa aliulizwa, akajibu kwamba kabine yake ilikuwa imefungwa siku hiyo na hajui lolote la Jumapili ile. Ni kweli tupu, na nilimfuata mpaka kazini kwake nikamwambia ukweli wa namna hiyo ni wa mtu mwoga. Aliinamisha kichwa.

Emerance alilala chumbani kwangu, mtulinga umevunjika, mgongo hauwezi kugusa godoro. Uji alinywea pembeni mwa mdomo. Hakulia kwa ajili ya meno wala mgongo. Alichouliza kila asubuhi ni kama simu ya Kigali imelia. Kaka wa Ubelgiji alimwambia sasa basi, aje. Usiku mmoja nilimsikia akimjibu: “Nikienda sasa, nimefukuzwa mara mbili.”

Gasaro alirudi kwa Kamali. Nilimwona sokoni akiwa na jicho limefungika, nikageuza uso. Nilikuwa sitaki kumwona.

Kisha likaja kusanyiko la wananchi, lile la kila wiki ambapo mtaa hukaa nje na kila mtu huleta neno lake. Kiongozi aliliweka wazi suala la Mkongomani, maana watu walikuwa wamegawanyika na wengine walitaka afukuzwe mtaani kabisa. Emerance alikuja, nikamkalisha kwenye kiti, mkono umefungwa shingoni. Kamali akasimama akasema maneno yake vizuri sana. Watu wakaitikia.

Gasaro akasimama. Hakuitwa. Alisema kwa Kinyarwanda, mimi nawaeleza kwa lugha yetu.

“Tulimpeleka Nyakarenzo,” akasema. “Mimi nilimshika miguu. Kamali alimshika kichwa. Mzee akachimba. Tulirudi nyumbani, na damu ilipokataa kukatika, Kamali alisema tukienda hospitali tutafungwa, tumwache mtoto. Nikamnyakua nikakimbia. Huyu mama, nilipofika kwake, alisema haruhusiwi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Halafu akatia vidole. Mlimpiga kwa mawe na hakuvitoa. Mimi mama wa mtoto nilikuwa nimesimama pale na ulimi wangu, nikaufungia ndani, kwa sababu ya huyu.”

Akanyoosha mkono kwa mumewe. Kisha akaukunja mdomo wa juu kwa kidole, watu wote wakaona mapengo. Mwanzo lilikuwa moja. Sasa yalikuwa matatu.

“Haya yangu pia mwulizeni kama ni Mkongomani aliyeyapiga.”

Kamali aliruka benchi. Aliokota kigoda cha miguu mitatu na kumshushia Gasaro cha taya, mbele ya kiongozi, mbele ya wazee na watoto. Nilisikia taya likivunjika kutoka nilipokaa. Alikinyanyua tena. Hapo wanaume walimvamia, na kati yao alikuwemo fundi baiskeli mwenye sikio langu. Wote waliompiga Emerance sasa walimpiga Kamali, kwa bidii ile ile, kama watu wanaolipa deni kwa mtu asiye mdai. Emerance peke yake ndiye aliyepiga kelele waache. Mimi sikuinuka. Niliangalia, na nilifurahi. Mungu atanisamehe au hatanisamehe, hilo ni lake.

Kamali alifungwa, kwa mtoto na kwa mke. Gasaro alifungwa taya kwa waya, akahamia Gashonga kwa dada yake na mtoto wake. Kabla hajaenda alipita sokoni. Hakuweza kusema. Nilimkatia kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo nikamfunga nacho mtoto mgongoni.

Kesi ya polisi ikafa, lakini ya baraza ilibaki, kwa kuwa sharti ni sharti. Emerance aliitwa Kigali. Njia nzima nilimfundisha la kusema: ulibana damu tu, kama jirani yeyote, hukutibu. Maneno matamu, yana ukweli ndani yake. Tulipofika, wakamuuliza kama alijua kwamba haruhusiwi. Mwanamke huyo, mdomo una pengo, akajibu kwamba alijua, na kwamba mtoto yule akiletwa tena kesho atatia vidole tena. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilitamani kumpiga kwa mkoba wangu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Muhigirwa. Alikuwa amesafiri na basi la alfajiri, viatu vina vumbi. Aliomba kusema. Akasema siku ile kabine ilikuwa imefungwa lakini simu yake ilikuwa wazi, na Emerance hakuwa na mkono wa kumpigia. Kama kuna kosa la kumsimamia mgeni, sehemu ni yake. Akaomba wampe muda zaidi na Emerance, si kumfuta. Watu wa baraza wakatoka, wakarudi. Wakamwongezea nusu mwaka chini ya jicho la Muhigirwa, na baada ya hapo jina kamili. Emerance akawashukuru. Nje, kwenye ngazi, aliangua kilio cha sauti kubwa mpaka mlinzi akaja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia.

Hiyo nusu mwaka Muhigirwa alishika mrija yeye mwenyewe, Emerance akashika koleo.

Jina lilipofika, njia zilikuwa nyingi. Muhigirwa alimtaka wawe wabia. Yule mwenzake wa Kigali alimwita kwenye nyaya na watoto wa matajiri. Kaka wa Ubelgiji hakuacha. Emerance akaomba kazi katika hospitali ya serikali hapa hapa, mahali ambapo foleni huanza alfajiri na mshahara huchelewa. Nilimwambia ana wazimu. Akasema huko ndiko watoto waliochimbwa hupelekwa, wakiwahi, na anataka wamkute mtu anayeruhusiwa kuwagusa. 

Kila wiki kuna siku ya wafungwa. Huletwa kwa gari, wamefungwa pingu wawili wawili, na madaktari wengine hutafuta udhuru siku hiyo. Ikawa siku ya Emerance.

Jioni moja alikuja mezani na hakunawa. Alikaa tu, akitazama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inapoa. Nikamuuliza ana nini. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanitajia jina la mgonjwa.

“Kamali. Gego ilikuwa imeoza mpaka chini. Uso yote imevimba.”

Nikaweka kijiko chini. “Ulimchoma sindano?”

“Nilimuchoma.”

“Mimi ningemng'oa kavu. Kwa koleo la misumari.”

“Najua, Maman.” Alikuwa anavitazama vidole vyake. “Hata mi nilifikiri. Usizanie sikufikiri. Koleo ilikuwa mu mukono, shingo yake iko wazi, na askari alikuwa anaangalia simu. Alitetemeka mpaka kiti ikatetemeka. Aliniomba: Dokta, tafazali, sindano. Nikamuchoma mbili. Tukangoja mudomo ife ganzi.”

“Mkangoja kimya?”

“Hapana. Aliniuliza habari ya mutoto. Kama alisha kuota meno.”

“Ukamwambia nini?”

“Nilimuambia, zote zilitoka. Isipokuwa ile mbili mulichimba. Ile haitatoka.” Akavuta sahani kwake. “Alilia, Maman. Nikangoja amalize, ndio nikamung'oa.”